Vidole vya Kizuka

Jumatano, 18 Septemba 2024

Neno langu la kwanza leo nimelitoa jua limeshapanda, na nimempa kuku. Ish! Basi. Kuku katoka jikoni, miye nikarudi kimya.

Mwalimu mzima! Miye niliyekuwa nikimaliza sauti darasani, nikirudi nyumbani Hafidh ananichemshia tangawizi niipate tena. Sasa ninayo sauti tele, wa kumpa ndiye hayupo.

Sijui kwa nini naandika. Labda kwa sababu karatasi hainiambii "subiri". Kila anayekuja ananiambia subiri, Mola yuko pamoja na wenye kusubiri. Najua! Mwezi wa Julai walimzika mume wangu Hafidh — sukari ilimfika kwenye figo — na miye nikavishwa nyeupe nikawekwa ndani. Kizuka. Miezi minne na siku kumi. Hina hakuna, wanja hakuna, udi hakuna, skuli hakuna, kusimama dirishani hakuna. Wako wanaosema mwenye eda akiwa na dharura ya kazi mchana anaweza kutoka. Huku kwao Chokocho hawasemi hivyo. Sikubishana. Nguvu za kubishana sikuwa nazo.

Nyumbani tumo wawili, miye na mama yake, Bi Kazija. Si mtu wa maneno. Kutwa namsikia anatwanga popoo kwenye kinu chake kidogo, maana meno ya kutafunia tambuu hana tena. Ko, ko, ko. Lakini tunakula sinia moja. Na kila siku, bila ya kunitazama, anausukuma mnofu wa samaki upande wangu. Hayo ndiyo mazungumzo yetu, na nayangojea kutwa nzima, sifichi. Miye na Hafidh hatukujaaliwa mtoto. Aliyebaki anayejua Hafidh alikuwa akikohoa vipi asubuhi ni huyu bibi peke yake.

Ijumaa, 20 Septemba

Mgeni! Ruweida, mwanafunzi wangu wa kidato cha nne, kaja na bakuli la muhogo wa nazi kutoka kwa mama yake. Kakaa pembeni ya mkeka kama aliyekuja kuposa. Shikamoo mwalimu, pole mwalimu, mama anakusalimu. Nikamwambia salamu zimefika, haya niambie kemia.

Kainamisha kichwa. Nikajua mambo si mazuri.

Kipindi changu kapewa Mwalimu Talib. Talib ni wa jografia! Mtu mwema, muungwana, lakini kemia anaiogopa. Na maabara haina kitu. Ile dawa ya kiashiria, inayogeuka rangi ikakwambia hii asidi na hii besi, ilikauka chupani tangu mwaka jana. Nyengine italetwa siku ya mtihani. Basi Talib anawachorea. Anachora chupa ubaoni, anawaambia: hapa ilikuwa haina rangi, tone moja, sasa imekuwa ya waridi. Kwa chaki nyeupe! Ubao mweusi, chaki nyeupe, na watoto wote wameinama wanaandika "waridi".

Nilipandwa na hasira mpaka muhogo ukanipoa.

Ruweida kaniuliza: mwalimu, hiyo rangi ikija tutajuaje kama ndiyo yenyewe, na hatujapata kuiona? Mtihani wa vitendo ni Novemba. Miye nikitoka eda, wao washaingia. Nikamwambia someni, msiogope. Maneno ya bure kabisa.

Jumapili, 22 Septemba

Maulidi mtaa wa pili. Spika inafika mpaka chumbani, na vicheko vya watoto. Mwaka jana nilikaa safu ya mbele na nguo mpya, na Hafidh kanisubiri nje na pikipiki, anapiga honi kama mwehu.

Bi Kazija kenda. Miye nimechambua mchele ambao hauna mawe.

Jumatatu, 23 Septemba

Leo! Leo lazima niandike yote.

Asubuhi natia manjano kwenye mchuzi, kopo likanimwagikia mkononi. Nikanawa kwa sabuni ya mche. Vidole vikawa vyekundu, vyekundu hasa. Nikasimama pale pale na maji yanamwagika. Mjinga miye! Ijumaa nzima na Jumamosi nzima namlaani Talib na chaki yake, na kiashiria kiko jikoni kwangu, kwenye kopo la maziwa!

Manjano ni njano kwenye asidi na njano kwenye maji. Ukiyatia besi — sabuni, magadi, majivu, chokaa — yanakuwa mekundu. Ukiyarudishia ndimu, njano tena. Kila mwanamke wa Pemba kayaona haya kwenye kanga yake akifua, na hakuna aliyeambiwa kuwa ni somo.

Basi nikaanza. Manjano nikayaroweka kwenye spirit. Ilikuwepo kabatini, ile tuliyokuwa tukimfutia Hafidh kabla ya sindano. Nikachuja kwa kichujio cha chai. Nikakata vipande vya karatasi, nikavichovya, nikavianika ndani ya chandarua visipeperuke. Halafu vikombe: ndimu, siki, maji matupu, magadi, maji ya majivu. Chokaa sikuwa nayo. Bi Kazija alikuwa msalani. Nikachota kidogo kwenye sahani yake ya tambuu, kama mwizi. Na maganda ya vitunguu vyekundu nikayachemsha, nayo yakakubali! Kwenye ndimu waridi, kwenye magadi kijani. Nilikuwa nimesahau.

Kilichobaki ni tone. Mtihani wote ni tone: unadondosha moja moja mpaka lile moja linalogeuza. Burete, ule mrija wa kudondoshea, sina. Lakini mabomba ya sindano ya Hafidh yapo, mapya, hayajafunguliwa. Sindano nikaitupa, bomba nikalijaza ndimu. Manjano na magadi kwenye gilasi, nyekundu. Tone. Tone. Tone. Nikazidisha, ikapita. Nikaanza upya. Mara ya pili likaja lenyewe — tone moja tu, na gilasi nzima ikageuka njano mbele ya macho yangu.

Ndipo Hafidh aliponijia. Mwaka ule tulipooana nilimwita jikoni: njoo utazame. Kaja na mikono yake ya mafuta ya pikipiki, kakalia mbuzi ya kukunia nazi, magoti yamemfika masikioni. Nikageuza. Kasema: "Fanya tena." Nikafanya. "Fanya tena." Mpaka ndimu zote zikaisha ndani ya nyumba, na usiku ule tukala samaki mkavu bila ya ndimu, na yeye anajisifu kuwa sasa ni mkemia.

Nikacheka. Kwa sauti! Kicheko chenyewe kilinitoka, sikukituma. Nikajiziba mdomo kwa mkono nikajipaka manjano mpaka puani. Nikasikiliza kama kuna aliyesikia. Nyumba kimya, hata kinu hakitwangi.

Mara ya kwanza tangu Julai. Nimeona haya kidogo, lakini nimeona raha pia. Mungu anisamehe, nimeona raha.

Jumanne, 24 Septemba

Nimerekodi. Simu nimeiegemeza kwenye kopo. Nimeonyesha mikono tu, mpaka kwenye vifundo, na meza na vikombe. Sura sikuonyesha. Sauti nilitia ile ya darasani: "Kidato cha nne, tazameni. Ndimu, haigeuki. Magadi, imegeuka. Sasa tone kwa tone." Mwanzo sauti ilikuwa na kutu, nikarudia.

Nilifikiri sana kabla ya kutuma. Sauti ya kizuka, mikono ya kizuka, kwa simu ya mwanamme. Lakini ni Talib, na ni kwa ajili ya darasa. Nikamwandikia: waonyeshe, kisha futa. Nikabonyeza.

Jumatano, 25 Septemba

Ruweida kaja anahema! Wamemzunguka Talib na simu yake mpaka kakosa pumzi. Wamerudia mara nyingi, halafu wakaleta manjano kutoka makwao wakajaribu wenyewe. Mmoja kajaribu kwa mate yake. Mwengine kamtilia Talib magadi kwenye mkono wa shati, maana ulikuwa umeshika manjano, na Talib karudi kwao na mkono mwekundu. Talib mwenyewe kaniandikia: Mwalimu, leo na miye nimefahamu!

Nimekula vizuri. Bi Kazija hakunisukumia mnofu. Labda samaki alikuwa mdogo.

Ijumaa, 27 Septemba

Nitaandika yote.

Baada ya sala kaja Wifi Ummkulthum, dada yake Hafidh mkubwa. Hakubisha hodi. Hakunisalimu. Kanitia simu usoni. "Hii nini?"

Video yangu, lakini si yangu. Mtu kakata kipande. Sauti yangu kaitoa. Vikombe havionekani, ndimu haionekani. Vidole tu, vyekundu, vinakwenda huku na huku. Chini pameandikwa: kizuka wa Chokocho katia hina. Kimo kwenye kundi la akina mama, na kundi jengine, na jengine. Wifi kasema kakiona Mkoani, kaonyeshwa na mtu asiyejua kama yeye ndiye wifi mtu.

Nikasema: wifi, haya ni manjano. Kasema manjano ni ya njano, na hii nyekundu, yeye si kipofu. Nikasema ni magadi, yanageuza. Kasema nisimletee uskuli wangu. Kaka yake udongo haujamkauka, na miye nishajipamba, nishampelekea mwanamme picha! Kanikamata mkono kautia kwenye mwanga wa mlango. Na kucha zangu — lahaula — zimeshika rangi. Rangi ya chungwa iliyofifia, sawasawa na hina ya wiki mbili. Hata miye ningekuwa nje ningesema ni hina.

"Haya apa!" kasema. Nikaapa. Hakusikiliza.

Bi Kazija alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka wake. Kasikia yote. Kavitazama vidole vyangu, kisha kautazama ukuta. Nilimngojea aseme neno moja tu. "Mwacheni" ingenitosha. Hakusema.

Jumapili anakuja Ami Mmanga, ndugu yake marehemu baba yake Hafidh, na wazee wawili. Wifi anataka nitolewe. Nipelekwe Wawi kwa kaka yangu Suhail, nikamalize eda huko. Kizuka kutolewa nyumba ya mumewe kabla ya eda kwisha! Nani ataniamini tena? Nani atamwachia binti yake akae mbele yangu darasani?

Jioni chakula kimekuja kwenye sahani mbili. Yangu imewekwa mlangoni. Na samaki mzima, mnofu mkubwa kabisa. Nimeirudisha ilivyo.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimesugua kucha kwa ndimu mpaka ngozi inawaka. Hazitoki. Rangi ya kwenye kikombe inarudi kwa tone moja, ya kwenye ukucha inataka kuota upya. Kemia yangu yote hii!

Talib kanipigia analia. Simu kaisahau kwenye meza ya walimu, hajui nani kaichukua. Hakufuta. Nimemwambia basi, yamekwisha. Hayajakwisha.

Nimempigia kaka Suhail. Kasema njoo tu dada, chumba kipo. Halafu kasema: lakini ulirekodi kwa nini? Hata yeye.

Nimekunja nguo zangu. Hazijai begi moja. Shati la kazi la Hafidh bado linaning'inia nyuma ya mlango, lina mafuta ya pikipiki kwenye kola. Sijui kama nina haki nalo. Nikilichukua, nimemnyang'anya mama yake. Nikiliacha, miye nibaki na nini? Si nyumba ninayoililia, wallahi. Nyumba watauza, watakaa, watajua wenyewe. Nalilia lile sinia. Nikienda Wawi nitakula na watu wema ambao hawakumjua, wataniuliza kama nimeshiba, na watabadilisha mazungumzo kila nikimtaja.

Baada ya alasiri.

Imetokea. Naandika kabla haijanitoka.

Nilisema liwalo na liwe. Nikachukua kikombe, karatasi za manjano na nusu ya ndimu, nikenda nikapiga magoti kwenye mkeka wa Bi Kazija. Mama, nikamwambia, nipe chokaa kidogo nikuonyeshe.

Hakuacha kutwanga. "Ulishaichukua Jumatatu bila ya kuniomba."

Nikaiweka ndimu chini.

"N'nayajua manjano, mwanangu," kasema. "Usinisomeshe."

Kisha kakiweka kinu chini, na kasema maneno mengi kuliko aliyoyasema tangu msiba. Hafidh alipotahiriwa, kasema, ngariba kampaka manjano kwenye kidonda. Asubuhi yake yeye Bi Kazija kachukua kikoi cha mtoto kwenda kukifua, kakitia sabuni — kikoi chote damu! Kapiga ukelele mtaa ukajaa. Ngariba kaletwa mbio, kanzu kaifunga kiunoni. Wamemfunua mtoto, mtoto hana hata tone. Kakaa zake kitako anakula andazi, anawauliza kunani. "Siku saba watu walikuwa wanan'cheka," kasema. "Leo n'sijue manjano?"

Sikujua nicheke au nilie. Nikamwuliza: mama, kama ulijua si hina, mbona hukumwambia wifi?

Kakunja tambuu. Hakuitia mdomoni. Kaishika tu.

"N'likusikia ukicheka."

Basi. Hapo nikafahamu yote kwa mara moja. Kinu kilichonyamaza. Samaki asiyesukumwa.

"N'likuwa hapa na kinu changu," kasema. "N'kasikia kicheko kinatoka jikoni. N'kasema, ehe, huyu keshapoa. Kheri yake, msichana bado. Miye n'mebaki peke yangu na mwanangu."

Lo! Kumbe siku zote hizi tunakaa chini ya bati moja, kila mtu anadhani anayemlilia Hafidh ni yeye tu. Nilitaka kumwambia sijapoa mama, sitapoa. Badala yake nikamwambia nilichokicheka. Nikamweleza jikoni ile, mwaka ule, mwanawe na mikono ya mafuta, kakalia mbuzi, magoti masikioni, ndimu zimekwisha, samaki mkavu. Nilimwambia yote isipokuwa lile neno lake. Lile nikalibakisha kwangu.

"Kakalia mbuzi?" kasema.

"Kakalia mbuzi, mama."

"Na mafuta ya pikipiki?"

"Mpaka viwiko."

"Mbuzi yangu ile!" Kakasirika kweli, na machozi yanamtoka. "N'lisema hii harufu ya petroli kwenye nazi inatoka wapi!"

Tukacheka wote. Vibaya vibaya, kama watu wanaokohoa. Halafu kanisukumia sahani ya tambuu. Kasema haya, fanya.

Nikafanya. Karatasi ya njano, chokaa, ikawa nyekundu. Ndimu, ikarudi. Kainama mpaka mtandio ukagusa kikombe. Macho yake ya mtoto wa jicho hayo, sijui hata anaona nini.

"Fanya tena," kasema.

Nilishindwa kumtazama. Hakujua kasema neno la nani. Nikafanya tena, na tena, mpaka ndimu ikawa ganda.

Kisha nikamwuliza la kesho. Kajipangusa mikono, kasema: "Mmanga akija, kaa ndani." Hakuongeza. Karudi kwenye kinu.

Na usiku chakula kimekuja kwenye sahani mbili. Nimeitazama ile yangu muda mrefu. Kucheka na miye ni jambo moja, kusimama mbele ya shemeji yake na binti yake ni jambo jengine. Mtu mzima yule, maisha yake yote yamo katika watu hawa. Simlaumu. Begi nimelifunga.

Jumapili, 29 Septemba

Wamekuja. Naandika ili mikono ipate kazi.

Miye nimo chumbani nyuma ya pazia, nimejifunika. Wao kwenye baraza ya ndani. Nasikia kila kitu. Ami Mmanga kavua viatu, kasema Assalamu alaykum nyumba nzima, kaomba dua ya marehemu. Wazee wawili wameitikia amin. Wifi hakungoja dua imalizike. Keshaanza na simu yake: tazama ami, tazameni wenyewe, haya si maneno ya watu. Mmoja wa wazee kasema astaghfirullah. Mwengine kauliza miwani.

Ami Mmanga kasema haya mambo yana mwenyewe, kwanza mama wa marehemu aitwe.

Wifi anaita. "Mama! Wazee wameshakaa!"

Bi Kazija haitikii. Yuko jikoni tangu chai. Nasikia maji, nasikia kopo. Sijui anafanya nini. Labda anakimbia na yeye. Ningekuwa na pa kukimbilia ningekimbia.

Wifi anaita tena.

Anakuja. Nasikia kandambili zake ukumbini, pole pole. Zimesimama mlangoni kwangu. Kizuka hachungulii — nimechungulia.

Kasimama mbele ya pazia langu, mikono kaiweka mbali na nguo. Myekundu! Viganja, vidole, mpaka juu ya vifundo, myekundu kama ya biharusi siku ya kutolewa. Chokaa bado imemganda kwenye kucha. Harufu ya manjano imejaa ukumbi mzima.

Nikasema mama! Kasema nyamaza. Kasema: "Sinia n'melifunika kawa jikoni. Tutakula wakishaondoka."

Sinia. Kasema sinia.

Kisha kawaendea barazani.

Wifi ndiye wa kwanza: "Mama! Una nini mikononi?"

Anakaa. Nasikia magoti yake yanalia. Anasema, bila ya haraka, sauti ile ile ya kuombea chumvi:

"Haya, Mmanga. Na miye n'metia hina, mwanangu hajamaliza miezi mitatu kaburini. Yeye mnampeleka Wawi. Miye mnanipeleka wapi?"

Wifi kaanza neno, kaliacha. Ami Mmanga anakohoa. Mzee mmoja anamwuliza mwenziwe kwa chini, hiyo hina ya saa hii imeingiaje? Bi Kazija anasema nileteeni ndimu.

Nileteeni ndimu! Ndimu zimo humu kwangu, kwenye kikapu, chini ya kitanda. Nilizificha jana, wifi asizione. Hakuna anayejua zilipo ila miye, na miye siwezi kutoka mbele ya wanaume wale. Anarudia: ndimu. Wifi kenda jikoni, namsikia anapekua, anasema hakuna, na mlango wa uani kauacha wazi — kuku keshaingia, namsikia kwenye kawa la sinia letu —

Nimesema "Ish!" Kwa sauti. Nje wote wamenisikia. Nimeishika ndimu moja, nimeipitisha chini ya pazia, kwa mkono wangu huu na kucha zake, na nangoja wifi aje aichukue.